Daraja la Pili

Askari wake walimwita Nukta, na jina lilimkaa. Jenerali yule hakuwa mtu wa maneno. Wenzake walihutubia vikosi saa nzima mpaka askari wakaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Yeye alisema "Shikeni hapa," akageuka, akaenda zake. Ujumbe wake wa redio ulikuwa vivyo hivyo, maneno ya kuhesabu kwa vidole. Aliamini kwamba maneno mengi ni ugonjwa wa watu wanaokalia viti vya kuzunguka, na kwamba kama adui anasikiliza, basi aambulie machache. Kwa hilo la adui alikuwa sahihi. Kwa mengine mtamhukumu wenyewe.

Mwezi ule alikuwa analinda daraja. Mto wao ulikuwa na madaraja mawili tu, na watu waliyaita kwa mpangilio wa kujengwa kwake. Daraja la Kwanza lilikuwa upande wa chini, karibu na mji mkuu. Daraja la Pili lilikuwa juu, mwendo wa saa moja na nusu kwa lori, na ng'ambo yake kulikuwa na mji mdogo wenye hospitali kubwa. Adui alikuwa anausogelea mji ule kidogo kidogo kila siku, bila haraka, maana alijua mbele yake kuna nini. Kulikuwa na askari mia tatu waliochoka. Kazi yao ilikuwa moja: kulishika daraja mpaka wagonjwa wote wavuke.

Katika hospitali ile, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa dada yake Nukta. Si dada wa kutembeleana sikukuu tu. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemwogesha, akamfunga vifungo vya shati la shule, akamchapa alipotoroka, kisha akalia naye. Nukta alimwomba avuke na kundi la kwanza. Alimwomba kwa sentensi tatu nzima, jambo lililowashangaza hata walinzi wake.

"Mdogo wangu," dada alimjibu huku anakunja mashuka, "mimi nina mama kumi na tisa humu ndani, na wanne kati yao hawajui watajifungua leo au kesho. Nivuke niwaache na nani? Wewe lishike daraja lako. Wodi yangu ikivuka, na mimi nimevuka."

Ratiba ilipangwa. Watoto wangevuka Jumatano, wa upasuaji Alhamisi asubuhi, na wazazi mwisho kabisa, Alhamisi saa saba mchana, magari ya wagonjwa yakisharudi. Nukta alipiga hesabu zake akaona mia tatu hawatafika Alhamisi jioni. Alihitaji watu elfu moja zaidi. Basi akatuma ujumbe serikalini, akauandika mwenyewe kwa penseli, akaufurahia kwa ufupi wake:

NIKO DARAJA LA PILI MWEZI MZIMA. HALI NGUMU. NAOMBA NIONGEZEWE HARAKA. NISIPOONGEZEWA SITAWEZA KUENDELEA.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu: OMBI LAKO LIMEPOKELEWA NA LINASHUGHULIKIWA. LETE PICHA MBILI NDOGO NA NAKALA YA CHETI CHA KUZALIWA.

Nukta alilisoma mara nne. Akampa msaidizi wake, kanali mmoja aliyeitwa Babu kwa sababu ya mvi zilizomwahi akiwa na miaka thelathini.

"Picha za nini?" Nukta aliuliza.

Babu alijikuna kichwa. "Labda wanatengeneza vitambulisho vya hao askari, Afande."

"Askari elfu moja, kwa picha zangu mbili?"

"Mimi nimesema labda, Afande."

Nukta aliona hapa akiendelea kusubiri atasubiri mpaka maji ya mto yakauke. Alhamisi alfajiri alipanda gari kwenda mji mkuu. Kabla ya kuondoka alimwambia Babu, "Amri yoyote ikija kutoka wizarani kwa jina langu, itekeleze hapo hapo. Usiniulize mara mbili." Babu alipiga saluti. Alikuwa mtu wa kutii, Babu, na wala simlaumu kwa hilo.

Saa mbili asubuhi jenerali alikuwa mbele ya meza ya mapokezi ya wizara, buti zake zikimwaga udongo kwenye sakafu iliyopigwa deki dakika hiyo hiyo. Mama wa mapokezi aliutazama udongo, akamtazama yeye, akafungua daftari la wageni.

"Shida yako?"

"Daraja la Pili."

Uso wa mama yule ulilainika. "Aa, ni wewe! Hongera sana, baba. Panda ghorofa ya tatu, chumba kumi na moja. Umekuja na picha?"

"Hongera ya nini?"

"Wewe nenda tu," alisema mama, akicheka kama mtu anayeficha zawadi mgongoni.

Nukta alipanda ngazi huku kichwa kinamzunguka. Labda, alijiambia, habari za kushika daraja mwezi mzima zimewafikia wakazipenda. Kwenye kona ya ghorofa ya pili, karani mmoja aliyebeba mafaili mpaka kidevuni alisimama akampisha kwa heshima. "Unastahili, mzee," alisema. "Wengine wanakaa miaka kumi hawaongezewi."

"Miaka kumi?" Nukta alishtuka. "Bila kuongezewa? Wanaishije?"

"Kwa kuvumilia tu, mzee."

Nukta alimhurumia yeyote aliyekuwa anashika daraja kwa miaka kumi, na akajiuliza ni vita gani hiyo.

Chumba namba kumi na moja, ndani, nani anamsubiri? Shemeji yake! Ndugu wa mke wake kabisa, wa tumbo moja, mtu mnene mwenye tai fupi, aliyefanya kazi katika wizara ile miaka kumi na mitano na ambaye Nukta hakuwahi kujua anafanya nini hasa. Shemeji aliinuka akamkumbatia, udongo na vyote.

"Shemeji yangu! Nilipoliona jina lako juu ya ombi, nikasema hili haliwezi kulala kwenye meza ya mtu. Nimelisukuma kwa mikono yangu miwili. Kawaida ni miezi sita. Mimi? Siku tisa!"

Kumbe kuna watu. Kumbe serikalini kuna watu. "Ahsante, shemeji. Hujui umeokoa roho ngapi."

Shemeji alicheka mpaka tai ikapanda. "Usizidishe. Dada yangu nyumbani atafurahi, hiyo inanitosha. Sasa, kamati inakusubiri. Maswali mawili matatu tu. Usiogope."

"Kamati ya vita?"

"Kamati," alisema shemeji, akamfungulia mlango.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua. Alifungua faili, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Jenerali. Daraja la Pili umelishika muda gani?"

"Mwezi mmoja na siku kumi, Mheshimiwa."

Wajumbe walitazamana. Hapa kwenye karatasi, alisema mjumbe wa kulia, imeandikwa miaka sita. Nukta alisema karatasi imekosea, maana yeye mwenyewe alifika pale na askari wake kwa miguu, mvua inanyesha, na siku ile haiwezi kumtoka. Mwenyekiti aliandika kitu.

"Mwezi mmoja tu, na tayari unataka kupanda?"

"Sitaki kupanda, Mheshimiwa. Nataka kubaki pale pale, ila niongezewe."

"Ubaki pale pale, na uongezewe."

"Ndiyo. Nisipoongezewa, nitarudi nyuma."

"Hakuna mtu anayerudishwa nyuma bila kosa, Jenerali. Tuna utaratibu."

"Adui hana utaratibu, Mheshimiwa."

Mwenyekiti alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Maadui kila mtu anao. Hata mimi, humu humu ofisini, ninao. Mtu havunjiki moyo kwa sababu ya maadui."

Nukta alijiona kama mtu aliyeingia msiba usio wake, kila mtu anampa pole naye hamjui marehemu. Walikuwa wanasema Kiswahili, na yeye anasema Kiswahili, na maneno yalikuwa yale yale. Alijaribu tena, safari hii polepole, kama anaongea na mtoto.

"Waheshimiwa. Daraja ni jembamba. Malori mawili hayapishani. Adui yuko upande ule, wagonjwa wako upande ule, na mimi nina watu mia tatu. Leo saa saba wodi ya wazazi inavuka. Dada yangu yumo. Naomba askari elfu moja."

Mjumbe wa kushoto, ambaye mpaka hapo alikuwa anachora maua pembeni ya karatasi yake, aliacha kuchora.

"Malori?" alisema Mwenyekiti. "Malori yanapita juu ya daraja lako?"

"Yapite wapi tena, Mheshimiwa?"

Mwenyekiti alilifunga faili, akaligeuza, akalisukuma mezani hadi mbele ya Nukta. Juu ya jalada, kwa herufi kubwa za mhuri mwekundu, paliandikwa: MAOMBI YA KUPANDISHWA DARAJA.

Hapo ndipo ilipoeleweka, na ilieleweka kwa wote wanne kwa wakati mmoja. Katika jeshi lile majenerali walipangwa kwa madaraja: la tatu, la pili, la kwanza. Nukta alikuwa Jenerali wa Daraja la Pili kwa miaka sita na alikuwa amelisahau hilo, kama mtu anavyosahau namba ya kiatu chake. Karani wa chumba cha ujumbe alisoma "niko Daraja la Pili, naomba niongezewe," akaona mtu aliyechoka na cheo chake. Angeona nini kingine? Akalipeleka Utumishi, na Utumishi kukawa na shemeji mwenye upendo.

Mjumbe wa kushoto alianza kucheka, akamwona Nukta, akaacha.

"Siku tisa," Nukta alisema. Sauti yake haikupanda. Ndani alikuwa anawaka. "Siku tisa nimesubiri askari, na nyinyi mnanitafutia nyota."

"Ungeandika 'daraja la mto,'" alisema Mwenyekiti, si kwa ubaya. "Neno moja tu zaidi."

Na kwa kuwa mzee yule hakuwa mtu mbaya, alieleza la kufanya. Ombi la askari ni la Waziri mwenyewe, ghorofa ya tano, na Waziri yupo, na atampokea leo leo. Ila jina moja haliwezi kuwa na mafaili mawili yaliyo wazi. Masjala haitatoa namba. Hili lifungwe kwanza. Lifungwe vipi? Kwa kukataliwa, ambako kunahitaji kikao cha rufaa baada ya siku kumi na nne. Au kwa kukubaliwa, ambako kunahitaji saini tu.

"Kwa hiyo nikubali cheo ndipo niombe askari?"

"Ndiyo njia fupi," alisema Mwenyekiti.

Neno "fupi" lilimshinda nguvu. Nukta alisaini. Saa tano kasoro alikuwa Jenerali wa Daraja la Kwanza, na hakumbuki nani alimpa mkono.

Shemeji alimkimbilia kwenye korido na karatasi nyingine, jasho linamtoka, aibu imemjaa usoni. Alikuwa amesikia. "Shemeji, nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Baadaye."

"Imebaki hii moja. Ni taarifa kwa kituo chako, kwamba umepanda na nafasi yako ya zamani haijapata mtu. Bila hii masjala hawafungi." Akaanza kumsomea: "'Kwa taarifa hii mnajulishwa kwamba, kufuatia kikao cha kamati kilichoketi tarehe tajwa hapo juu, jenerali wenu ambaye awali alikuwa akishikilia nafasi ya—'"

Nukta alikuwa tayari na mguu mmoja kwenye ngazi. Saa yake ya mkononi ilisema saa tano na dakika kumi. "Shemeji, ile ni redio ya vita, si mahali pa hotuba. Fupisha."

"Nifupishe vipi?"

"Ufupishe! Wewe hujui kufupisha?"

Akapanda ngazi mbili mbili. Shemeji alibaki kwenye korido na kalamu yake, amedhamiria kwamba safari hii hatamkosea.

Waziri alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na meza isiyo na karatasi hata moja. Alikuwa kwenye kikao kingine. Nukta alimsubiri kwenye benchi muda uliomla nyama za ndani. Alipoingia hatimaye, saa saba kasorobo, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: alieleza. Alieleza mto, upana wake, kina chake, mahali adui alipo, idadi ya vitanda hospitalini. Alisema "daraja la mto" mara kumi na moja. Alimtaja dada yake, akaona haya, kisha akamtaja tena. Waziri alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa nini hukusema haya siku tisa zilizopita?" aliuliza.

"Nilidhani nimeyasema, Mheshimiwa."

Waziri aliinua simu. Alisema sentensi mbili. Askari elfu moja na mia mbili waliokuwa kambini nje ya mji waliamriwa kupanda malori, mara moja, kwenda Daraja la Pili, la mto. Nukta alisikia neno "mara moja" akainuka kwa furaha. Alimshika mkono Waziri akasahau kuuachia. Elfu moja na mia mbili! Wodi ya wazazi ilikuwa inavuka wakati huu huu. Mia tatu wake wangeweza kubana mpaka saa tisa, na saa tisa malori yangekuwa yamefika. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kila kitu kilikuwa na kichwa na miguu.

Aliteremka mpaka chumba cha redio, chini kabisa, chumba cha joto kisicho na dirisha. Fundi wa mitambo alimtafutia kituo chake, akampa kipaza sauti. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Babu! Wanakuja. Elfu moja na mia mbili. Bana hapo hapo."

Sauti ya Babu ilikuja safi, imetulia, ya mtu aliyemaliza kazi yake. "Vizuri sana, Afande. Tutabana. Sisi tumeshafika."

"Mmeshafika wapi?"

"Daraja la Kwanza, Afande. Tumelishika tangu saa saba kamili."

Nukta alidhani redio imemchezea. "Rudia."

"Daraja la Kwanza, Afande. Kama ulivyoagiza."

"Mimi nimeagiza nini?"

Ukasikika mchakacho wa karatasi. Babu alisoma kwa sauti, taratibu, kila neno mahali pake: "JENERALI WENU ANASHIKA DARAJA LA KWANZA KUANZIA LEO. DARAJA LA PILI LIACHWE WAZI." "Ujumbe umetoka wizarani, Afande, kwa jina lako, saa tano na robo. Vijana walisema huu ni mwandiko wake kabisa, hakuna neno la ziada. Tuliondoa vizuizi vyote tukaliacha wazi, tukapanda malori. Ila nikiri, Afande, hatukuelewa."

Fundi wa mitambo alimsogezea jenerali kiti. Jenerali hakukaa. Aliyaelewa maneno yale moja moja, lakini yalipokaa pamoja yalikataa kuingia. Liachwe wazi. Nafasi iachwe wazi. Aliona karatasi ya shemeji, maneno mengi mengi ya kumlinda, na aliona mkono wake mwenyewe ukiyafagia.

"Hospitali," alisema.

"Watoto wamevuka, Afande. Upasuaji wamevuka."

"Babu. Wazazi."

Redio ilikoroma. Babu alipoongea tena, ule utulivu ulikuwa umemtoka. "Wazazi walikuwa wa saa saba, Afande. Sisi tumeondoka saa tano na nusu. Nilimwendea dada yako mwenyewe. Nilimwambia tumeamriwa kuondoka, nikamwomba apande lori langu, nikamwambia nitambeba kama hataki. Alikataa. Nilitaka kulia, Afande, lakini yeye hakuogopa hata kidogo. Alinipa maneno nikuletee."

"Yalete."

"Alisema: mwambie mdogo wangu nimemwelewa. Daraja hawezi kuliachia bure, najua ana mpango, na mimi na mama zangu tunamsubiri."

Nukta alishika meza.

"Askari wote huku wanasema hivyo hivyo, Afande," Babu aliendelea, harakaharaka sasa, kama mtu anayeomba. "Kwamba una mpango. Ng'ambo kule milio imeanza tangu saa saba na dakika tano, hapa hatusikii, ni doria imetuambia. Nimewaambia vijana watulie, Nukta anajua anachofanya. Upo, Afande, huo mpango? Niambie tu. Niambie kwa kirefu."

Jenerali wa Daraja la Kwanza alibonyeza kitufe cha kuongea. Alikibonyeza muda mrefu, mpaka fundi wa mitambo akainamisha kichwa kusikiliza kama labda kipaza sauti kimeharibika.